Mama alishinda kesi ya kiwanja, Mahakama Kuu ikafuta kila kitu kwa sababu ya mtu ambaye hatukumshtaki. Unayetaka kufungua shauri, pitia hapa kwanza

#1 Mwana wa Ntyuka (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu. Uzi ni mrefu, naombeni uvumilivu.

Kila nikikutana na mtu anayekwenda kufungua kesi ya ardhi huwa namuuliza swali moja: unamshtaki nani? Anajibu hapo hapo, jina moja, la yule aliyemkasirisha. Na sisi mwaka 2019 tulijibu hivyo hivyo.

Mama yangu alinunua kiwanja Ntyuka mwaka 2009. Karatasi ya mauziano iliandikwa ofisi ya mtaa, mashahidi wanne, muuzaji akaweka dole gumba. Enzi hizo huku hakuna aliyekutazama mara mbili kwa kiwanja cha Ntyuka. Mama akawa analima alizeti, msimu ukiwa mbaya anaacha majani. Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016 mambo yakageuka, bei zikapaa, na mwaka 2017 yule yule mzee akakiuza kiwanja kile kile kwa mtumishi mmoja aliyehamishiwa huku. Siku tunapata habari, tulikuta msingi umeshapanda na matofali yamepangwa mpaka kwenye mti wa mpaka.

Hasira yetu yote ilikwenda kwa mwenye matofali. Muuzaji hatukumgusa. Dada zangu walisema tumshtaki na yeye, mama akakataa katakata: "Yule mzee alishika jembe siku tunamzika baba yenu. Mimi simpeleki barazani." Tukamheshimu mama.

Mwaka 2021 Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya likatupa ushindi. Mwenzetu, yule mnunuzi wa pili, akakata rufaa Mahakama Kuu ndani ya zile siku 45. Sababu zake za rufaa zilikuwa tano, na hakuna hata moja iliyomtaja muuzaji. Siku ya kusikilizwa, jaji akaziweka pembeni, akauliza pande zote mbili: huyu aliyewauzia nyote wawili yuko wapi kwenye shauri hili? Kimya. Tukaambiwa tuandike hoja juu ya jambo hilo tu. Mwaka 2023 uamuzi ukatoka: mwenendo wote wa Baraza umefutwa, hukumu imetenguliwa, anayetaka aanze upya na amuunganishe muuzaji. Kila upande ubebe gharama zake.

Hukumu ilikuwa kurasa kumi na moja za Kiingereza. Nilimsomea mama barazani kwake kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Nilipomaliza akaniuliza, "Kwa hiyo tumeshindwa?" Nikamwambia hapana. "Basi tumeshinda." Nikamwambia hapana. Akaikunja ile mifuko ya nailoni aliyokuwa anahifadhia karatasi zake, akaingia ndani.

Miaka minne wakuu. Ndiyo maana nikakaa chini kusoma, na nikamsumbua wakili wetu mpaka nikaelewa.

Sheria yenyewe ni ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, Amri ya Kwanza. Baraza lina kanuni zake za mwaka 2003, ila pale kanuni hizo zinaponyamaza linaazima Sura ya 33. Kanuni ya 3 ya Amri hiyo ya Kwanza ndiyo inayosema nani anaweza kuunganishwa kuwa mdaiwa pamoja na wengine kwenye shauri moja. Inadai vitu viwili kwa pamoja. Kwanza, unachokidai kwao kitokane na tendo moja, au muamala mmoja, au mfululizo wa matendo yanayoshikana. Pili, kama ungewashtaki kila mmoja kivyake, swali lile lile la kisheria au la ukweli lingejirudia kwenye kila kesi. Vikitimia vyote unaruhusiwa kuwaunganisha, iwe unasema wote wanawajibika kwa pamoja, au kila mtu kwa sehemu yake, au ni huyu na kama si huyu basi ni yule.

Tazama kesi yetu sasa. Muuzaji mmoja, kiwanja kimoja, karatasi mbili. Swali la kwanza kabisa ni kama mwaka 2017 mzee alikuwa bado na kitu cha kuuza. Swali hilo unaliamuaje yeye akiwa nyumbani kwake?

Kosa letu lilikuwa kujiuliza nani katuudhi. Tulipaswa kujiuliza hukumu hii ikitoka itamgusa nani. Nikipata nguvu nitaendelea. Wenye uzoefu karibuni.

#2 Dada wa Zuzu

Pole sana kaka, na mpe mama pole yangu. Lakini nina swali. Niliwahi kusoma hiyo hiyo Amri ya Kwanza, kanuni ya 9, inasema shauri halitaanguka kwa sababu tu ya kuunganisha watu wasiohusika au kuacha wanaohusika. Mahakama iamue kwa wale waliopo. Sasa yenu imeangukaje?

#3 Wakili wa Miyuji

Dada wa Zuzu, umeuliza swali ambalo hata sisi tunalibishania kortini. Niko kwenye fani hii, acha nijaribu.

Kanuni ya 9 ipo na inafanya kazi. Lakini wahusika wako wa aina mbili. Yupo ambaye kuwepo kwake kunasaidia tu, mambo yaishe mara moja. Huyo akikosekana kesi inaendelea. Yupo wa pili ambaye bila yeye mahakama haiwezi kutoa hukumu inayotekelezeka. Huyo ni mhusika wa lazima, na kanuni ya 9 haimfuniki. Mahakama ya Rufani ililieleza jambo hili vizuri kwenye Marejeo ya Madai Namba 6 ya mwaka 2017. Vipimo viwili: je, kuna haki unayoidai dhidi ya mtu huyo kuhusiana na kilichobishaniwa? Na je, mahakama inaweza kutoa tuzo yenye nguvu akiwa hayupo?

Kwa ardhi iliyouzwa, Mahakama Kuu ilishasema tangu mwaka 1983 kwamba ukidai kurudishiwa ardhi iliyouzwa kwa mtu mwingine, muuzaji na mnunuzi washtakiwe pamoja, na kumwacha mmoja ni kasoro inayoua shauri. Uamuzi huo una zaidi ya miaka arobaini na bado kila mwaka napokea mafaili yenye tatizo hilo hilo.

Sababu ni ya haki ya asili. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kabla haki zake hazijaamuliwa. Ukisema mauzo ya 2017 ni batili, umesema mzee aliuza kisicho chake. Hilo ni neno zito kumwamulia mtu ambaye hajaitwa.

Na jaji anaweza kuibua jambo hili mwenyewe. Kanuni ya 10 inairuhusu mahakama, kwa maombi au kwa hiari yake, hatua yoyote ya shauri, kumwondoa mtu asiyestahili au kumwongeza anayestahili. Mgeligundua mapema, mngelibadilisha maombi yenu barazani na kumwongeza muuzaji, akapelekewa wito, shauri likaendelea. Lingewagharimu miezi michache.

#4 Upepo wa Kongwa

Dawa ni moja basi. Shtaki wote! Muuzaji, mnunuzi, mwenyekiti wa mtaa aliyegonga muhuri, dalali aliyeonyesha kiwanja, halmashauri, na mashahidi waliosaini karatasi ya pili. Atakayeona hahusiki ajitoe mwenyewe. Mimi ndivyo nitakavyofanya kesi yangu ya Kongwa.

#5 Mwana wa Ntyuka

Mkuu Upepo, nakusihi usifanye hivyo. Na sisi tulitoka kwenye kosa la kwanza tukataka kukimbilia hilo la pili, wakili akatushika mkono.

Tulikaa na karatasi mbili mezani, ya 2009 na ya 2017. Muhuri ni wa ofisi ile ile ila mwenyekiti tofauti. Ya kwetu wino umeanza kufifia pembeni, dole gumba la mzee limekaa mshazari chini ya jina lake. Kwenye ya pili dole lile lile, limenyooka. Dada yangu akasema mwenyekiti wa 2009 aunganishwe kwa kuwa aliona akanyamaza. Wakili akamuuliza: unamdai nini? Pesa? Kiwanja? Hana. Anachojua ni kwamba mwaka 2009 alimwona mzee akipokea hela na kuweka dole. Huyo ndiye shahidi wako wa kwanza. Ukimfanya mdaiwa, umemlazimisha ajitetee dhidi yako, na atakachosema siku hiyo hakitakuwa kile alichokiona, kitakuwa cha kujiokoa.

Tangu siku ile nimekuwa nawaambia watu, kabla hujaandika jina la mtu kama mdaiwa, andika pembeni yake unachomdai. Mstari ukibaki mtupu, jina lifute.

Kuna suala la gharama pia. Aliyeburuzwa bila sababu akiondolewa kwenye shauri anaweza kudai gharama zake, na atakayelipa ni wewe.

Halmashauri ndiyo hatari zaidi. Wengi hapa Dodoma wana migogoro ya viwanja vilivyopimwa na kugawiwa, wengine tangu enzi za Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu kabla haijavunjwa mwaka 2017. Kama ofisi ya umma ndiyo iliyogawa kiwanja kimoja kwa watu wawili, hapo ni mhusika kweli, hakuna ubishi, ishtaki. Lakini ukiitaja kwenye shauri umebadilisha njia nzima. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inataka kwanza notisi ya siku 90, nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya mwaka 2020 serikali za mitaa, wakala na mashirika ya umma yote yameingia humo, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kama mhusika wa lazima. Asipounganishwa mwenendo wote unaharibika. Na mahali pa kufungulia ni Mahakama Kuu tu. Baraza huliwezi tena.

Kwa hiyo mtu anayeongeza jina la halmashauri "ili kesi iwe na uzito" anajikuta amepigwa pingamizi la awali, faili limefutwa, anaanza kuhesabu siku 90. Kama halmashauri haikugawa wala haikuuza, mwite ofisa ardhi kama shahidi alete jalada. Inatosha kabisa.

#6 Upepo wa Kongwa

Hapo kwenye siku 90 umenishtua. Nilikuwa nimeshaandika jina la halmashauri ukurasa wa kwanza. Nitalitoa.

#7 Wakili wa Miyuji

Usilitoe kwa sababu ya uzi huu. Litoe, au liache, baada ya mwanasheria kusoma karatasi zako. Kuna kesi ambazo kuiacha halmashauri ndilo kosa lenyewe.

#8 Mkulima wa Hombolo

Wakuu naomba kutoka kidogo kwenye viwanja. Mimi ni wa zabibu. Msimu uliopita nilikubaliana na mnunuzi, gari nikatafutiwa na yeye, mzigo ukaondoka shambani asubuhi. Ulipofika kwake akaukataa, anasema umefika umeshaharibika. Mwenye gari anasema mzigo ulifika mzima, ukakaa kwenye uwanja wa mnunuzi juani siku nzima bila kupokelewa. Kreti zangu zote nimepoteza. Kila mmoja ananielekeza kwa mwenzake. Nimshtaki nani? Sijui kosa ni la nani, mimi nilibaki Hombolo.

#9 Wakili wa Miyuji

Mzee wangu, shida yako imeandikiwa kanuni kabisa. Kanuni ya 7 ya Amri ile ile: mdai akiwa na mashaka ni nani hasa anayepaswa kumlipa, anaweza kuwaunganisha wawili au zaidi ili mahakama iamue ni nani kati yao anawajibika na kwa kiasi gani. Huhitaji kujua kosa ni la nani kabla ya kufungua. Unahitaji kueleza ukweli wako: nilipakia kreti kadhaa, tarehe fulani, saa fulani, zikiwa nzima, sijalipwa; mdaiwa wa kwanza anasema hivi, wa pili anasema vile; naomba alipe mmoja wao au wote.

Ukimshtaki mwenye gari peke yake, atautupa mzigo kwa mnunuzi ambaye hayupo, utashindwa. Halafu ukimgeukia mnunuzi naye atasema ni gari. Wakae meza moja, wajibu wakiwa wanatazamana.

Wala huhitaji wote wawili wawajibike sawa. Kanuni ya 4 inaruhusu hukumu itoke dhidi ya mmoja na mwingine aachiwe, au kila mmoja abebe kwa kadiri ya kosa lake. Tafuta mtu aliyeshuhudia upakiaji, na kama ulipiga picha kwa simu, usizifute.

Nikiwa hapo hapo kwenye biashara, kwa wale wa mahindi Kibaigwa: kama watu watatu walisaini karatasi moja ya kukopa gunia zako, na karatasi inasema wanawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake, kanuni ya 6 inakupa uchaguzi. Washtaki wote, au yule mmoja mwenye uwezo wa kulipa. Hapo hakuna wa kukuambia umemwacha mhusika. Lakini mimi huwa nashauri wote, maana mmoja akihama mji umebaki na nani?

#10 Mjukuu wa Chamwino

Wakili msomi, na mleta uzi, naomba mnisaidie. Shamba la babu lina ekari kama kumi na mbili. Baba mdogo amekuwa analimega na kuuza vipande tangu 2018. Wanunuzi wamefika saba, kila mmoja na karatasi yake na tarehe yake. Mmoja wao sasa naye kauza nusu ya kipande chake kwa mtu wa nane. Na ng'ambo ya kijito kuna jirani ambaye hajanunua kwa yeyote, kasogeza tu uzio wake hatua kama ishirini ndani kwetu. Je, kesi ni moja au ni tisa? Wapo wanaosema nikiwaweka pamoja nitaambiwa nimechanganya madai.

#11 Wakili wa Miyuji

Hili ndilo swali zuri kuliko yote humu, nitakaa nalo.

Wapitishe kwenye vile vipimo viwili. Wanunuzi saba: mauzo ni tofauti, tarehe ni tofauti, kweli. Lakini kanuni ya 3 haisemi tendo moja tu, inasema pia mfululizo wa matendo. Baba mdogo yule yule, shamba lile lile, dai lile lile kwamba lilikuwa lake. Na swali la pamoja lipo na ni kubwa: alikuwa na mamlaka ya kuuza mali ya marehemu? Ukifungua kesi saba, utathibitisha jambo hilo mara saba mbele ya watu tofauti, na unaweza kupata majibu mawili yanayogongana. Waunganishe. Baba mdogo awe mdaiwa wa kwanza, wanunuzi wafuate. Kila mmoja anahusika na kipande chake tu, na hilo si kosa. Kanuni ya 5 inasema si lazima kila mdaiwa awe na maslahi kwenye kila unachoomba. Cha muhimu ueleze kwenye hati kila mmoja amekaa kipande gani, ukubwa gani, mipaka gani. Usiandike "wadaiwa wamevamia shamba" ukaishia hapo.

Wa nane aingie. Amenunua kwa mmoja wa wale saba, mnyororo ni ule ule. Ukimwacha, siku ya kukazia hukumu, yaani kuitekeleza, atakuja na pingamizi lake kwamba hakusikilizwa, na atakuwa sahihi.

Jirani wa uzio mtoe. Huyo hajanunua kwa baba mdogo, hana habari na mirathi ya babu. Swali lake ni mpaka uko wapi. Tendo lingine, siku nyingine, ushahidi mwingine. Ukimuunganisha ndiyo hilo wanalokuambia la kuchanganya. Mahakama haitakufutia kesi nzima kwa hilo peke yake, itamwondoa au kuamuru asikilizwe kivyake, lakini umeshapoteza tarehe tatu nne za kesi kwa mabishano. Mfungulie lake.

Sasa kabla ya hayo yote: wewe mdai ni nani? Mjukuu huwezi kudai mali ya marehemu kwa jina lako hivi hivi. Nani ni msimamizi wa mirathi ya babu?

#12 Mjukuu wa Chamwino

Hakuna aliyeteuliwa mkuu. Ukoo ulikaa tu kikao.

#13 Wakili wa Miyuji

Basi anzia Mahakama ya Mwanzo, ateuliwe msimamizi. Wadaiwa wote tisa wanaweza kuwa sahihi kabisa na bado shauri likafa kwa sababu mdai si sahihi. Usichelewe, muda wa kufungua kesi ya kudai ardhi una ukomo wa miaka 12.

#14 Mama Nasra

Na kama aliyetuuzia ameshafariki? Alituuzia marehemu mume wa mtu pale Kondoa, mjane yupo, watoto wapo, nao wanasema hawajui kitu.

#15 Mwana wa Ntyuka

Mama Nasra, pole. Marehemu hashtakiwi, ukiandika jina lake shauri ni batili tangu siku ya kwanza. Anashtakiwa msimamizi wa mirathi yake, na iandikwe wazi kwamba anashtakiwa kama msimamizi wa mirathi ya marehemu fulani. Mjane si msimamizi kwa sababu tu ni mjane. Ulizia Mahakama ya Mwanzo ya huko kama kuna mirathi iliyofunguliwa.

#16 Kijana wa Nkuhungu

Mzee aliweka nyumba rehani benki, akashindwa rejesho, ikauzwa mnadani. Tunaona taratibu za notisi hazikufuatwa. Tumfungulie benki tu, si ndiyo yenye hela?

#17 Wakili wa Miyuji

Mnaomba mnada ufutwe? Basi mnunuzi wa mnadani lazima awepo, yeye ndiye atakayepoteza nyumba mkishinda. Benki na kampuni ya udalali iliyoendesha mnada nazo. Mjue pia Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inamlinda mnunuzi aliyenunua kwa nia njema kwenye mauzo ya rehani, kwa hiyo andaeni na dai mbadala la fidia dhidi ya benki. Kama mnataka fidia tu na hamgusi umiliki, mnunuzi si lazima. Unachokiomba ndicho kinachoamua nani aje.

#18 Mtumishi wa Ihumwa

Nimesoma uzi huu kuanzia juu mara mbili kabla ya kuandika. Mimi niko upande wa pili. Si wa kesi ya mleta uzi, ya kwangu ni ya huku kwetu, ila inafanana.

Nilihamishwa na ofisi kuja Dodoma, nikakopa, nikanunua kiwanja kwa mtu aliyeonyeshwa kwangu kuwa mwenyeji, karatasi mtaa, mashahidi, kila kitu. Miezi minane baadaye akaja mama mmoja na karatasi ya zamani kuliko yangu. Akanishtaki mimi peke yangu. Nilikaa kwenye benchi pale barazani nikiitwa mvamizi, na mimi kila mwezi mshahara unakatwa mkopo wa kile kiwanja. Aliyechukua hela yangu alikuwa anakunywa kahawa kijiweni, hajaitwa popote, anaonana na sisi wote wawili anatusalimia.

Nilishindwa. Sasa niambieni, kwenye kesi kama ile mimi nilikuwa na njia gani? Maana nilimwambia mwenyekiti wa Baraza kwa mdomo kwamba niliuziwa, akasema niandike kwenye utetezi, nikaandika, basi.

#19 Wakili wa Miyuji

Pole sana ndugu yangu. Njia zilikuwepo mbili na zote zilikuwa zako. Ya kwanza ni kuomba rasmi, chini ya kanuni ya 10, muuzaji aongezwe. Si mdai peke yake anayeweza kuomba. Ya pili ni kanuni ya 14: mdaiwa anayesema kuna mtu mwingine wa kunifidia, anaomba ruhusa ya kumwingiza mtu huyo kama mhusika wa tatu, ili hukumu ikitoka dhidi yako, pale pale iamuliwe kama yeye akurudishie. Kutaja jina lake kwenye utetezi hakutoshi, lazima pawe na maombi. Na pingamizi la nani kaachwa linatakiwa litolewe mapema iwezekanavyo, kanuni ya 13. Ukikaa nalo unahesabiwa umeliacha, isipokuwa pale mhusika ni wa lazima kiasi kwamba mahakama yenyewe haiwezi kulipita.

Kama muda wa rufaa haujaisha, nenda leo. Kama umeisha, unaweza kumfungulia muuzaji shauri lako mwenyewe akurudishie fedha. Dai la mkataba lina ukomo wa miaka sita.

#20 Mwana wa Ntyuka

Mtumishi wa Ihumwa, asante kwa kuandika. Nimekaa na simu mkononi muda mrefu kabla ya kukujibu.

Nikwambie ukweli, miaka ile yote sikuwahi kumfikiria mwenzetu kama mtu aliyeibiwa. Nilimwona mwizi. Siku ya Mahakama Kuu, jaji alipouliza muuzaji yuko wapi, nilimtazama yule bwana kwa mara ya kwanza vizuri, naye akanitazama. Wote wawili tulikuwa tumeshika karatasi zenye dole la mtu mmoja.

Nimalizie tulipofikia. Mwaka 2024 tumeanza upya. Tangu mabadiliko ya 2021 Baraza la Kata haliamui tena, linasuluhisha tu ndani ya siku 30, na Baraza la Wilaya halisikilizi mgogoro wa ardhi mpaka hatua hiyo ipitiwe. Safari hii tuliwaita wote wawili Kata, muuzaji na mnunuzi, ili asije mtu akasema wa kwanza alisuluhishwa na wa pili hakuitwa.

Mzee alikuja na fimbo yake. Mama alimsalimia kwa heshima zote, akamwambia mbele ya wajumbe: "Nilikuacha mara ya kwanza kwa sababu ya kaburi la mume wangu. Leo nimekuita kwa sababu ya watoto wake." Mzee alikiri kuuza mara mbili. Alisema mara ya pili alikuwa na mgonjwa hospitali. Hela hana. Usuluhishi ukashindikana, tukapewa karatasi ya kwenda mbele.

Maombi mapya yana wajibu maombi (wadaiwa) wawili, mzee wa kwanza, yule mtumishi aliyenunua 2017 wa pili. Mwenyekiti wa 2009 ni shahidi wetu namba mbili baada ya mama. Halmashauri hatukuitaja. Mtumishi kupitia wakili wake ameomba mzee akionekana na kosa amrudishie fedha yake na gharama za msingi, na sisi hatukupinga ombi hilo.

Ushahidi wa mama umeshachukuliwa, wazee wa Baraza walimuuliza maswali mengi kuliko mawakili. Tarehe ijayo ni zamu ya mzee kujitetea. Wito ameupokea kwa mkono wake mwenyewe, na safari hii kwenye nakala ya karani amesaini jina, hakuweka dole.